Daktari aliyejifunga kwenye roketi ili mshipi wa gari ukuokoe

Desemba 10, 1954, kwenye jangwa la New Mexico kule Marekani, daktari wa miaka 44 alikaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya kigari cha reli. Akafungwa mishipi mabegani, kiunoni na miguuni, kisha nyuma yake zikawashwa roketi tisa. Ndani ya sekunde tano alikuwa akienda kilomita 1,017 kwa saa. Halafu breki. Na si breki za kupunguza mwendo mdogo mdogo. Kigari kilichota maji yaliyotegwa katikati ya reli, kikasimama tuli kwa sekunde 1.4. Yaani muda wa kupiga chafya.

Jamaa huyo aliitwa John Paul Stapp. Alifariki 1999, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa ama tunanyonya, lakini enzi zake alikuwa gumzo. Mwaka wa 1955 jarida la Time lilimweka kwenye jalada, na watu wakawa wanamwita binadamu mwenye kasi zaidi duniani. Mimi naona sifa hiyo ilimkosa kidogo. Kasi haikuwa shida yake. Abiria wa ndege anakaribia kasi hiyo akiwa amelala fofofo. Stapp alitaka kujua kinachotokea unaposimama.

Alizaliwa 1910 Bahia, Brazil, wazazi wake wakiwa wamishonari. Akiwa kijana, binamu yake mchanga aliungua vibaya na kufariki, na hapo ndipo alipoamua kuwa daktari. Akasoma hadi akapata uzamifu wa fizikia ya viumbe, halafu akarudi tena darasani kusomea udaktari wenyewe. (Mimi niliyeachia chuo njiani nikisoma hivyo vyeti nachoka tu.) Baadaye akaingia Jeshi la Wanahewa.

Huko alikuta namba moja ambayo kila mtu aliiamini: 18. Uzito wako ukiwa umekaa hapo na simu yako tunauita g 1. Chombo kikisimama ghafla, mwili unalemewa na nguvu mara nyingi zaidi ya hiyo, na wataalamu walishaamua kuwa ikifika g 18 mtu amekwisha. Kwa hivyo viti vya ndege vilitengenezwa kuhimili kiasi hicho basi. Kama rubani atakuwa ameshakufa, kiti imara cha nini? Lakini kuna marubani walikuwa wakianguka vibaya na kutoka wazima, huku wengine wakifa kwenye ajali ndogo. Hesabu ilikataa.

Kwa hivyo 1947, kwenye jangwa la California, Stapp na wenzake walianza kupima. Walikuwa na kigari cha roketi walichokiita Gee Whiz, kwenye reli iliyokuwa na breki zenye nguvu ajabu. Kwanza walipandisha sanamu ya mtu, wakaibandika jina Oscar Eightball. Kuna siku mishipi ilimwachilia Oscar, akapaa mbele akatua mbali huko jangwani. Baada ya miezi ya kurekebisha, Desemba mwaka huo huo, Stapp akasema sasa zamu ni yake. Alianza akitazama nyuma, roketi moja tu. Kufikia katikati ya 1948 alikuwa amepanda mara 16 na kuvuka g 30, namba ambayo kwa vitabu ilikuwa ya maiti.

Lakini kupanda tu na kushuka ukiwa hai si upimaji. Lazima ujue ni nguvu kiasi gani imekupiga, na imekupiga wapi. Mwaka wa 1949 mhandisi Edward Murphy akaleta vipimo vya kufungwa kwenye mishipi. Vipimo vya aina hiyo hutumia waya mwembamba uliobandikwa kwenye chuma. Chuma kikivutika, waya nao unavutika, umeme unapita kwa taabu zaidi, na tofauti hiyo ndiyo unayoisoma kama nguvu. Ila kila kimoja kingeweza kuunganishwa kwa njia mbili, na vyote vikaunganishwa kwa ile mbaya. Jaribio likafanywa, moshi ukatulia, wakaangalia matokeo: sufuri. Murphy alikasirika, na maneno yake ya hasira ndiyo wenzake waliyageuza kuwa ile sheria ya Murphy, kwamba kinachoweza kuharibika kitaharibika. Stapp ndiye aliyeitaja mbele ya wanahabari. Aliwaeleza kuwa kwa kuiamini sheria hiyo walikuwa wakikagua kila kitu kabla ya kuwasha roketi, na ndiyo maana hawakuwa wameua mtu.

Si kwamba alitoka bila alama. Alivunjika mbavu, akavunjika kifundo cha mkono mara mbili, meno yake yakapoteza viziba. Ile siku ya 1954 alifikia g 46.2. Ukiwa na kilo 70, hapo unalemewa kama una kilo 3,200, uzito unaokaribia nissan iliyojaa abiria. Mishipa ya damu ikapasuka machoni na kwa muda haoni kitu, akidhani amekuwa kipofu. Macho yalirudi. Sokwe walitumiwa pia kwenye majaribio haya, na wao hakuna aliyewauliza. Hapo sina sifa za kumpa.

Alichopata ni hiki: mwili unavumilia kuliko tulivyodhani. Kinachoua mara nyingi ni kiti kung'oka ama mshipi kukatika. Kiwango cha viti vya ndege za kivita kikapandishwa hadi g 32.

Halafu akaangalia rekodi za jeshi na kuona kitu cha aibu: ajali za magari zilikuwa zikimaliza wanajeshi kama zile za ndege. Akaanza kugongesha magari makuukuu yakiwa na sanamu ndani, na 1955 akawaalika wahandisi wa magari waje wajionee. Mwaka wa 1966 Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya usalama wa magari, Stapp alikuwepo.

Kwetu mshipi kwa matatu ulikuja na sheria za Michuki, 2004, pamoja na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Sasa unaupata umefungwa fundo nyuma ya kiti, umejaa vumbi, klipu hakuna. Makanga anakukumbusha ujifunge mkikaribia polisi. Kwa vipimo vya Stapp, huo si mshipi, ni pambo.

Alipanda vile vigari mara 29. Alifia nyumbani kwake Alamogordo, karibu na ile reli, akiwa na miaka 89. Ule mkutano wake wa 1955 sasa una jina lake, na wahandisi bado hukutana kila mwaka kulinganisha vipimo vya magari waliyoyagongesha.