Isidor Rabi, aliyefungua njia ya kipimo cha MRI

Msikilizaji wetu wa Chemba, ukiumwa mgongo hadi miguu ikafa ganzi, daktari huweza kukuandikia kipimo cha MRI. Tumkumbuke aliyekifungulia njia.

Isidor Rabi alizaliwa mwaka 1898 katika eneo ambalo leo ni Poland, akakulia New York katika familia maskini. Mwaka 1938 alionyesha kuwa viini vya atomu vilivyo ndani ya sumaku huitikia mawimbi ya redio, ndugu wa haya tunayotumia kukufikia. Alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1944.

Wengine waligeuza ugunduzi huo kuwa picha. Eksirei huonyesha mifupa. MRI huonyesha hata neva inayobanwa kati ya pingili.

Rabi alifariki mwaka 1988, baada ya yeye mwenyewe kupimwa kwa mashine hiyo.