Mfungwa Aliyetoroka Ili Aupande Mlima Wetu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nina jina la utani lililoning'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Hapa shuleni wengi hawaniiti kwa jina nililopewa na wazazi. Huniita Nusu Mlima.

Jina hilo lilianza mwaka jana mwezi wa Agosti. Chama cha Wanyamapori kilipanga safari ya kupanda Mlima Kenya kupitia lango la Sirimon. Sisi wa shule ya kutwa hapa Nanyuki tunauona mlima huo kila asubuhi tukienda shule, lakini wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Mama yangu alikopa pesa kwenye chama chao cha akina mama, akaongezea za kuku wawili aliouza, nami nikaenda. Tulilala Old Moses, kisha Shipton. Usiku wa mwisho, saa nane hivi, tulianza kupanda kuelekea Lenana. Jamani, kichwa kilinigonga kama ngoma. Nikatapika mara ya kwanza, nikatapika mara ya pili. Kiongozi wetu akanimulika tochi usoni, akasema basi, huyu arudi. Nikarudishwa kambini huku nalia. Wenzangu walifika kileleni, wakapata vyeti. Mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mkopo wa Mama ulikuwa haujalipwa hata nusu.

Sasa mtauliza, haya yote yanahusiana vipi na maisha ya mtu mashuhuri? Subirini. Muhula uliofuata, mwalimu mmoja alinikuta nimejitenga nyuma ya maktaba, akanipa kitabu kikuukuu kilichotoka jalada. Kilikuwa ni kitabu cha Mtaliano mmoja aitwaye Felice Benuzzi. Nilikisoma siku tatu, tena kwa taa ya koroboi pale stima ilipopotea. Ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake leo.

Benuzzi alizaliwa tarehe 16 Novemba 1910 katika jiji la Vienna, nchini Austria. Baba yake alikuwa Mtaliano na mama yake Mwaustria. Alikulia Trieste, mji wa Italia ulio kando ya bahari na usio mbali na milima. Tangu utotoni alipenda kupanda milima ya Alps. Alikuwa pia muogeleaji hodari, hata akaiwakilisha Italia katika mashindano kati ya mwaka 1933 na 1935. Masomoni hakuwa mzembe. Alisomea sheria katika chuo kikuu cha Roma akahitimu. Kwa hivyo wale wanaosema michezo inaharibu masomo, wajionee wenyewe!

Mwaka 1938 alitumwa Ethiopia kufanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Italia. Hapa lazima niseme ukweli, maana asiyesema kweli si msimulizi. Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia mwaka 1935, ikatumia hata gesi ya sumu dhidi ya watu wa nchi ile. Benuzzi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Sitaki msomaji adhani ninamchora kama malaika. Alikuwa binadamu, na aliingia katika ardhi ya wenyewe bila kualikwa, kama wakoloni wengine tunaowasoma katika somo la historia.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika pembe hii ya Afrika, majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wengi Waafrika, pamoja na wapiganaji wa Ethiopia wenyewe, waliwashinda Wataliano. Mfalme Haile Selassie alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941. Benuzzi akatekwa, akatenganishwa na familia yake, akaletwa Kenya pamoja na maelfu ya Wataliano wengine. Mkipita Mai Mahiu mtaona kanisa dogo kando ya barabara chini ya mteremko. Lilijengwa na wafungwa hao mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Na pale Mathari, Nyeri, kuna kanisa la ukumbusho ambamo amezikwa Mwana-mfalme Amedeo wa Aosta, aliyekuwa mkubwa wao wote huko Ethiopia, naye akafa mfungwa Nairobi mwaka 1942.

Benuzzi alifungiwa katika Kambi nambari 354, hapa hapa Nanyuki. Naam, msomaji, hapa hapa kwetu! Nyanya yangu, ambaye alikuwa mtoto wakati huo, hukumbuka tu kwamba wazee waliwaita Mataliano, na kwamba walikuwa nyuma ya seng'enge.

Maisha ya kambini hayakuwa ya mateso makubwa, lakini yalikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: siku zote zilifanana. Kuamka, kuhesabiwa, kula, kulala. Leo ni kama jana na kesho ni kama leo. Watu walikaa wakigombana juu ya vitu vidogo vidogo. Hakuna aliyejua vita vitakwisha lini. Mtu alizeeka akiwa kijana.

Alipofika kambini mawingu yalikuwa yameufunika mlima kabisa. Ninyi wa Nanyuki mnajua jinsi mlima wetu unavyoweza kujificha siku nyingi kama bibi harusi. Kisha mawingu yakapasuka, akaona kilele cheusi chenye barafu kikielea angani. Kuanzia hapo hakuwa na amani. Wafungwa wengine walipofikiria kutoroka, walifikiria nchi isiyo vitani, nayo ya karibu ilikuwa Msumbiji ya Wareno, mwendo wa kilomita elfu moja hivi kupitia nyika. Benuzzi alifikiria jambo ambalo wengine waliliona ni wazimu. Alitaka kutoroka, apande Mlima Kenya, kisha arudi mwenyewe kambini!

Hebu fikirini. Mtu yuko nje, yuko huru, halafu anarejea jela kwa miguu yake mwenyewe. Nilipomsimulia Mama, alicheka mpaka ugali ukaungua. Lakini nilipoendelea kusoma nilielewa. Hakutaka kukimbia vita tu. Alitaka kuwa na kesho isiyofanana na leo. Alitaka kuwa na kitu cha kungojea.

Basi maandalizi yakaanza, nayo yalichukua miezi. Mwenzake wa kwanza alikuwa daktari, Giovanni Balletto, ambaye naye alikuwa mpanda milima. Wa tatu alikuwa Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa amezoea milima. Hawakuwa na ramani. Walichokuwa nacho ni karatasi ya mkebe wa nyama wa Kenylon, iliyochorwa picha ya Mlima Kenya! Nyundo waligeuza kuwa mashoka ya barafu. Vile vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu, ili mtu asiteleze kwenye barafu, vilitengenezwa kwa madigadi ya gari bovu na vipande vya seng'enge. Yaani seng'enge ile ile iliyowafunga ndiyo ikawasaidia kupanda! Kamba zilitokana na katani ya vitanda vyao. Nguo za baridi zilishonwa kutoka kwa mablanketi. Benuzzi aliacha kuvuta sigara, akazitumia kama pesa za kununua vitu na kulipa mafundi kambini. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo, biskuti leo na mkebe kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Ufunguo wa lango la bustani ya mboga waliupata kwa ujanja: waliukandamiza kwenye lami, wakapata alama yake, wakachongewa mwingine. Tarehe 24 Januari 1943 wote watatu wakatoka.

Mwanzoni walitembea usiku na kujificha mchana, kwa sababu karibu na kambi kulikuwa na mashamba ya walowezi. Kisha wakaufuata mto Nanyuki kuingia msituni. Ndugu zangu, msitu ule si mchezo. Ni makao ya ndovu, nyati, vifaru na chui, nao hawakuwa na bunduki. Walipita mianzi, wakafika kwenye mimea mikubwa ya ajabu inayosimama kama watu waliovaa makoti, ile tuliyoiona sisi tukipanda kwenda Shipton. Barsotti aliugua njiani, hivyo akaachwa akilinda hema kwenye kambi yao ya chini.

Lengo la Benuzzi na Balletto lilikuwa Batian, kilele chenye urefu wa mita 5199, ambacho kilipandwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza Halford Mackinder na wenzake wawili mwaka 1899. Lakini Batian si mlima wa kutembea. Ni ukuta wa mawe. Wawili hao walikuwa na njaa, vifaa vyao ni vya kuunganisha, na karatasi yao ya mkebe ilionyesha upande mwingine wa mlima kabisa. Walijaribu upande wa kaskazini magharibi. Theluji ikawashukia, upepo ukavuma, vidole vikafa ganzi. Wakageuka. Hawakufika Batian siku hiyo wala siku nyingine.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikaa kimya kitambo. Kumbe hata huyu aligeuka! Mtu aliyejiandaa miezi mingi, akaacha sigara, akajitia hatarini, alifika mahali akasema basi. Na hakujificha. Aliandika habari hiyo kitabuni mwake bila kuipaka sukari, ili dunia nzima isome.

Hadithi haikuishia hapo. Baada ya kupumzika, ingawa chakula kilikuwa kinakwisha, wawili hao walipanda kilele cha Lenana, mita 4985, tarehe 6 Februari 1943. Wakasimika bendera ya Italia waliyoishona kambini, wakaacha chupa yenye karatasi ya majina yao. Siku chache baadaye bendera hiyo iligunduliwa na wapanda milima wengine, habari ikaenea magazetini.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Siku za mwisho hawakuwa na chakula, miguu ilikuwa imekwisha nguvu. Hata hivyo walifika kambini tarehe 10 Februari na kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za seli. Lakini mkuu wa kambi, Mwingereza, alipendezwa na ushujaa wao, akawatoa baada ya siku 7 tu. Ama kweli adui naye ana moyo.

Vita vilikwisha mwaka 1945, na Benuzzi akarudishwa kwao mwaka 1946. Mwaka 1947 alichapisha kitabu chake kwa Kiitaliano, na mwaka 1952 kikatoka kwa Kiingereza. Baadaye aliingia katika kazi ya ubalozi, akatumikia nchi yake Australia, Pakistani na Ujerumani, miongoni mwa nchi nyingine. Alifariki Roma mwezi wa Julai 1988, akiwa na umri wa miaka 77. Barafu nyingi aliyoikanyaga hapa kwetu imeyeyuka sasa, nayo iliyobaki inapungua kila mwaka. Hata mlima, ukiungoja sana, haukungoji ukiwa vile vile.

Wenzangu, mimi nimejifunza nini? La kwanza, mlima si wa kushindana nao. Ugonjwa wa mwinuko haujali kama wewe ni bingwa wa mbio au mtoto wa nani. Ukiumwa kichwa na kutapika, dawa ni kuteremka. Anayekataa kuteremka anaweza kufa. Kiongozi wetu hakunionea usiku ule, aliniokoa. La pili, raha ya mlima haiko kileleni peke yake. Nilipoulizwa na Mama niliona nini, nilisema sikuona chochote, kwa sababu ya hasira. Nilimdanganya. Niliona jua likichomoza nikiwa nimekaa mlangoni mwa kambi, nimejifunika blanketi, na mawe yote yakawa mekundu kama makaa. Wale waliokuwa juu hawakuliona hivyo. Jioni moja mwezi uliopita nilimsimulia Mama habari hiyo yote, kuanzia lango la Sirimon hadi pale niliporudishwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuku wale hawakuuzwa bure.

Mkopo umelipwa. Chama cha Wanyamapori kinapanga safari nyingine mwezi wa Desemba, nami nimejiandikisha. Tangu Januari ninaweka akiba shilingi kumi kumi za maandazi, yaani mapumziko ya saa nne nakunywa maji tu. Safari hii nitapanda polepole, nitakunywa maji mengi, na kichwa kikigonga nitasema mapema. Nikifika Lenana, nitashukuru Mungu. Nisipofika, mtaendelea kuniita Nusu Mlima, nami nitaitika. Nusu ya mlima mrefu kuliko yote Kenya si kidogo, na wengi wanaonicheka hawajafika hata langoni.

Aliye tayari kujiandikisha, anione. Nafasi bado zipo.