Garrincha: kijana aliyerudishwa mlangoni kwa kukosa njumu

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilipita uwanjani nikakuta klabu moja ya hapa kwetu inafanya majaribio ya vijana. Watoto walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kando ya mstari alisimama mmoja, miaka kumi na sita hivi, pekupeku, amekunja suruali hadi magotini. Nilipomuuliza mbona haingii, akanijibu kuwa wameambiwa asiye na njumu asipoteze muda wa watu. Hakuwa na hasira. Alisema vile mtu anavyosema kwamba mvua imenyesha.

Nilirudi nyumbani na kijana yule kichwani, na mwingine pamoja naye, Mbrazili aliyekufa miaka zaidi ya arubaini iliyopita. Wazee wa baraza yetu wakimtaja Pele hawamalizi sentensi bila ya kumtaja na huyu. Leo nataka niwasimulie maisha yake, kwa sababu vijana wetu wanajua bei ya kila mchezaji wa Ulaya lakini jina la Garrincha wengi wanadhani ni la kiwanja tu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1933 katika kijiji cha Pau Grande, wilaya ya Magé, mbele ya mji wa Rio de Janeiro ukielekea milimani. Garrincha ni jina la ndege mdogo wa huko, asiye na thamani sokoni. Dada yake ndiye aliyempachika, kwa udogo wake na kwa vile alivyopenda kushinda msituni akiwinda ndege. Likamkaa hadi kaburini.

Miguu yake ilikuwa ya ajabu. Yote miwili ilipinda kuelekea upande mmoja, mmoja kwa ndani na mwingine kwa nje, na ulikuwako mfupi kuliko mwenziwe. Ukimtazama amesimama ungedhani upepo unampiga kutoka kushoto. Daktari yeyote angemwandikia asicheze mpira. Lakini miguu hiyo hiyo ndiyo iliyowachanganya mabeki, maana mwili ulikuwa umeinama huku naye akiondokea kule.

Pau Grande kilikuwa kijiji cha kiwanda. Kampuni ya nguo ya América Fabril ndiyo iliyomiliki nyumba, ndiyo iliyoajiri, na ndiyo iliyokuwa na klabu ya mpira. Garrincha aliingia kiwandani akiwa na miaka 14. Kazi hakuiweza na hakuipenda. Husimuliwa kwamba alikuwa akijificha kwenye pamba akalala, na kwamba walipomfukuza, watu wa klabu ndio waliomwombea arudishwe, kwa sababu bila yeye winga ya kulia ilikuwa haina mtu. Kwa hivyo alilipwa kwa kufuma nguo lakini aliwekwa kwa sababu ya gozi. Mwenyewe hakuona tatizo. Mwaka 1950, Brazil nzima ilipokuwa imeganda kwenye redio kusikiliza mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, yeye alikuwa amekwenda kuvua samaki. Aliporudi akakuta watu wazima wanalia, akashangaa.

Waliomwona akicheza kijijini walimsukuma aende Rio kujaribu bahati. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Kwanza alikwenda Vasco da Gama. Wakati ule Vasco ilikuwa ndiyo timu kubwa kabisa ya Rio, na wachezaji wake kadhaa walikuwa timu ya taifa ya 1950. Garrincha alifika bila njumu, akitumaini kwamba klabu kubwa kama ile haikosi jozi moja ya ziada. Hakupewa. Alirudishwa bila kuugusa mpira. Kinachoniuma hapa ni historia ya klabu yenyewe. Vasco ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Rio mwaka 1923 kwa kikosi cha weusi na vibarua, na wakubwa walipoitaka mwaka 1924 iwaondoe watu hao, ikakataa. Ni klabu iliyojengwa na watu wa aina ya Garrincha. Miaka thelathini haijafika, mlango ule ule ukawa unauliza viatu.

São Cristóvão walimwacha asubiri, wakamwingiza dakika chache za mwisho, jua likizama. Fluminense, klabu ya matajiri, nako alikaa benchi akingoja zamu yake. Zamu haikufika. Treni ya mwisho ya kurudi Pau Grande ilikuwa na saa yake, na kesho yake kulikuwa na kiwanda. Akainuka akaenda zake. Sidhani kama kuna mtu pale aliyegundua kuwa ameondoka.

Sasa tazama jambo hili kwa makini. Hakuna kocha aliyemtazama Garrincha akacheza vizuri kisha akasema huyu hafai. Hawakumtazama kabisa. Sisi huku tukizungumzia vipaji vilivyotuponyoka tunapenda kumlaumu kocha aliyekosea kuhukumu, tukamcheka. Mara nyingi hukumu yenyewe haikuwako. Ilikuwa ni ratiba, ni kiatu, ni nauli.

Katikati ya mwaka 1953, akiwa na miaka 19 na tayari ni mume na baba, alifika Botafogo. Alikuwa amechoshwa na safari hizi na alikwenda kwa kushikiliwa. Wakamweka winga ya kulia, mbele yake Nílton Santos, beki wa kushoto wa timu ya taifa, mtu ambaye Brazil nzima ilimheshimu. Masimulizi ya siku ile yamepambwa mno, wengine wanasema alimpitisha mpira katikati ya miguu, wengine wanasema mara moja, wengine mara nyingi. Lililo wazi ni kwamba yule beki mkubwa alitoka uwanjani akawataka viongozi wamsajili kijana yule upesi, asije akakutana naye akiwa na jezi ya wengine. Hili mimi hulipenda kuliko chenga zote. Nílton Santos angeweza kuona haya na kumfitini. Badala yake akawa rafiki yake na mlezi wake.

Mechi yake rasmi ya kwanza, dhidi ya Bonsucesso, Botafogo ilishinda 6–3 naye akatia matatu. Mwezi Desemba 1957, fainali ya ubingwa wa Rio, Botafogo iliifunga Fluminense 6–2. Mshambuliaji Paulinho Valentim alifunga matano. La sita lilikuwa la Garrincha. Fluminense, wale wa treni.

Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda Sweden kwa Kombe la Dunia, lakini nusura na huko aponyoke. Kabla ya mashindano Brazil ilicheza na Fiorentina kule Italia. Garrincha aliwapiga chenga mabeki, akampiga kipa, na goli likiwa wazi akasubiri beki arudi ili amchenge tena ndipo afunge. Wakubwa hawakufurahi, waliona ni utoto. Tena timu ilikuwa na mtaalamu wa saikolojia aliyewapima wachezaji kwa maswali na michoro, na kwa vipimo vyake Garrincha hakufaa. Kijana wa miaka 17 aitwaye Pele naye alionekana hajakomaa. Mechi mbili za kwanza wote wawili walikaa nje. Brazil ikaifunga Austria, ikatoka sare tasa na Uingereza.

Tarehe 15 Juni 1958, mjini Gothenburg, wakaingizwa pamoja dhidi ya Usovieti yenye Yashin golini. Katika dakika ya kwanza Garrincha alikwenda mwenyewe kutoka winga akapiga mlingoti. Punde Pele naye akapiga mlingoti. Dakika ya tatu Vavá akafunga. Walioiona mechi ile wanasema hapakuwahi kuwa na dakika tatu kama zile. Fainali, Sweden ilitangulia kufunga, kisha Garrincha akapita kulia mara mbili, kwa namna ile ile, akakata krosi mbili, na Vavá akafunga mara mbili. Ikaisha 5–2. Kila mtu uwanjani alijua atapita upande gani. Siku zote alipita upande huo huo, wa kulia, na kujua hakukusaidia kitu.

Chile, 1962, Pele aliumia katika mechi ya pili na hakucheza tena. Mtu mmoja akaibeba timu. Robo fainali Garrincha akaifunga Uingereza mawili, kimoja cha kichwa na mwili wake ule mdogo, kingine cha mbali kilichopinda. Nusu fainali akawafunga wenyeji Chile mawili, kisha baada ya kupigwa mateke mchezo mzima akamlipiza mmoja na kutolewa nje. Kwa utaratibu wa leo angekosa fainali. Viongozi wa Brazil walihangaika usiku na mchana hadi akaruhusiwa. Aliicheza akiwa na homa, Czechoslovakia ikafungwa 3–1. Kwa jezi ya taifa alicheza mara 60 na kufungwa mara moja tu, mechi ya mwisho, na Hungary mwaka 1966. Pele na Garrincha wakiwa uwanjani pamoja, Brazil haikuwahi kushindwa.

Hapo ndipo wasimulizi wengi humalizia, wakubwa walioaibika na mnyonge aliyeshinda. Mimi siwezi, kwa sababu Botafogo iliyomwona ndiyo iliyomtumia.

Garrincha hakujua mambo ya pesa. Alitia saini mikataba ambayo kiwango cha mshahara hakijajazwa, viongozi wakajaza wanavyotaka. Wachezaji waliokuwa chini yake walilipwa zaidi yake. Klabu ilizunguka dunia kucheza mechi za kirafiki, na ada ilikuwa kubwa akiwako yeye, ndogo asipokuwako. Goti lake la kulia, kwa ule mpindo wa kuzaliwa, lilikuwa likisagika. Daktari alisema apumzike, apasuliwe. Alidungwa sindano akaingizwa uwanjani. Alikuja kupasuliwa mwaka 1964, akiwa amechelewa. Baada ya mechi zaidi ya 600 na mabao zaidi ya 240 kwa Botafogo, mwaka 1966 aliuzwa Corinthians kama gari la zamani. Mwaka 1967 hata Vasco walimvisha jezi yao kwa mechi ya kirafiki. Goti lilikuwa limekwisha. Njumu, bila shaka, safari hii zilikuwako.

Na pombe. Sitaki kuizungukia, wala sitaki kumhukumu mtu aliyekwisha kukutana na Mola wake. Baba yake alikuwa mlevi na pombe ndiyo iliyommaliza. Yeye aliionja utotoni, kijiji kizima kikiona ni jambo la kawaida. Alipokuwa akishinda, klabu na mashabiki walichekea ulevi wake kama wanavyochekea chenga zake. Sisi tusijione tuko mbali. Miraa na unga vimewachukua wachezaji tuliowashangilia kwa majina, na tulikuwa tunajua, na Jumapili tukawapanga.

Alimwacha mkewe na mabinti wanane, akaishi na Elza Soares, mwimbaji mkubwa wa samba. Magazeti na watu wakamtukana mwanamke yule kana kwamba yeye ndiye aliyelivunja goti. Ndiye aliyejaribu kumtoa kwenye chupa kwa miaka mingi. Mwezi Aprili 1969 Garrincha aliendesha gari, wakapata ajali, na mama yake Elza akafariki. Hakupona jambo hilo moyoni. Mwaka 1973, tarehe 19 Desemba, ikaandaliwa mechi ya kumuaga uwanja wa Maracanã, watu zaidi ya laki moja na thelathini elfu wakafika, na akapata pesa za kununua nyumba. Hazikudumu. Mwaka 1980 alipandishwa kwenye gari la maonyesho la Mangueira wakati wa kanivali, amekaa macho matupu, mikono haimfuati, na nchi nzima ikamwona kwenye televisheni. Alifariki tarehe 20 Januari 1983, Rio, ini limeharibika, miaka 49.

Maiti iliwekwa Maracanã watu wapite wamwage. Kisha ikapelekwa kwao kwa gari la zimamoto, jeneza limefunikwa bendera ya Botafogo, barabara imejaa watu pande zote mbili hadi magari hayapiti. Alizikwa makaburi ya Raiz da Serra, karibu na Pau Grande.

Kule Brasília serikali ilivunja uwanja uliobeba jina lake ikajenga mwingine mkubwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, na jina likabaki lile lile, kwa gharama iliyowakasirisha Wabrazili wengi. Miaka mitatu baadaye, 2017, ikaripotiwa kwamba mifupa yake haijulikani iko wapi. Ilihamishwa ndani ya makaburi yale yale, na hakuna aliyeandika imewekwa wapi.

Kijana wa Jumamosi nimemtafuta. Anavaa namba 7, nambari ya viatu. Fundi wangu ana jozi iliyotumika, anaishona pembeni, ameniambia itakuwa tayari Alhamisi. Majaribio yanaendelea Ijumaa baada ya alasiri, uwanja ule ule.