Xavier Bichat na Somo la Tishu

Marie François Xavier Bichat alizaliwa tarehe 14 Novemba 1771 katika kijiji cha Thoirette, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa tabibu, naye ndiye aliyemfunza mwanzo wa elimu ya mwili. Baadaye alisoma anatomia na upasuaji mjini Lyon kwa Marc-Antoine Petit. Machafuko ya mapinduzi yakamwondosha huko, na mwaka 1793 akaingia Paris, akajiunga na wanafunzi wengi waliokuwa wakimsikiliza mpasuaji mashuhuri Pierre-Joseph Desault katika hospitali ya Hôtel-Dieu.

Yafaa mwalimu asikie jinsi darasa la Desault lilivyoendeshwa, kwa maana ndilo lililomfichua Bichat. Ilikuwa desturi kwamba kila somo lirudiwe siku ya pili na mwanafunzi aliyeteuliwa, mbele ya wenzake wote na chini ya msaidizi wa mwalimu. Siku moja somo lilihusu kuvunjika kwa mtulinga. Aliyepaswa kulirudia hakuwapo, na Bichat, ambaye hakuna aliyemjua, akajitolea. Alieleza kwa mpango safi na kwa ufahamu uliowashangaza wote. Desault alipoarifiwa alimwita, akamchukua nyumbani kwake, akamlea kama mwanawe. Sisi tumezoea kufanya marudio kwa maswali matatu ya haraka mwanzoni mwa kipindi, na wanaojibu ni wale wale. Desault alimpa mwanafunzi mmoja somo zima alisimamie, na nadhani hapo palikuwa na tofauti kubwa.

Desault alifariki mwaka 1795. Bichat hakukimbilia kujijengea jina: alikusanya kazi za mwalimu wake na kuzichapisha, akabaki na mjane wake kama mtoto na mama. Mwaka 1797 alianza kufundisha anatomia kwa wanafunzi wake mwenyewe, akisema kwa nguvu na kupasua kwa mkono wake, hata akaugua na kutema damu. Alipopata nafuu alirudi pale pale.

Jambo kuu alilolitafuta lilikuwa hili. Matabibu wa wakati ule walizoea kutaja ugonjwa kwa kiungo: ugonjwa wa moyo, wa pafu, wa utumbo. Bichat aliona kwamba moyo si kitu kimoja. Una mfuko unaouzunguka, una msuli, una na utando laini wa ndani; na kila kimoja chaweza kuugua huku jirani yake akiwa mzima. Tena utando wa aina moja, ukiwa kifuani au tumboni, huugua kwa namna inayofanana. Basi akasema kwamba mwili umefumwa kwa vitambaa vichache vinavyorudiarudia katika viungo vyote. Kitambaa cha namna hiyo ndicho tunachokiita tishu. Kufikia mwaka 1800 alikuwa ametoa kitabu juu ya tando za mwili na kingine juu ya uhai na kifo. Mwaka 1801 kikatoka kitabu chake kikubwa cha anatomia ya jumla, alimoorodhesha tishu 21.

Miongoni mwake alitaja moja iliyo kila mahali: nyeupe, laini, yenye kujaza nafasi baina ya viungo na kuvifunga pamoja. Katika miaka ya 1830 Mjerumani Johannes Müller aliipa jina la tishu ya kufunga, nasi twaiita tishu unganishi. Leo jamaa yake ni kubwa. Kano, magegedu, mifupa na mafuta vimo. Hata damu huhesabiwa, jambo ambalo wanafunzi hulikataa mpaka waelezwe sababu. Sababu ni kwamba katika tishu hizi seli ni chache na zimetawanyika, na kilicho baina yao ndicho kinachofanya kazi. Katika ukano ni nyuzi za kolajeni zilizolala upande mmoja, kwa hiyo hustahimili kuvutwa. Katika mfupa nyuzi hizo zimejazwa chumvi za kalisi, ukawa mgumu. Katika damu ni majimaji, ikapita mishipani.

Bichat aliyapata yake bila hadubini. Alikausha, alichemsha, alilowesha, aliacha vioze, alitia asidi, kisha akalinganisha. Hapa mwalimu asiye na maabara hana budi kusimama kidogo. Chukua kipande cha nyama ya muundi wa ng'ombe pamoja na ukano wake. Kabla ya kupika, waonyeshe wanafunzi utando mweupe unaotenga mafungu ya nyama, wauvute kwa vidole. Kisha chemsha kwa saa kadhaa. Ukano uliokuwa kama kamba utalainika na kung'aa, na nyama itaachana nyuzi nyuzi kwa sababu kilichozifunga kimeyeyuka. Kilikwenda wapi? Kimo katika mchuzi. Kolajeni imegeuka jelatini. Kila aliyewahi kuacha supu ya makongoro usiku katika nchi ya baridi ameikuta asubuhi imeganda. (Pwani huenda mkahitaji barafu.) Mfupa mwembamba wa kuku ukikaa siku kadhaa ndani ya siki hupoteza chumvi zake, ukapindika bila kuvunjika. Zoezi hili linahitaji jiko na subira tu.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Bichat hakukosa hadubini tu, bali aliidharau, akiona kwamba kila mtazamaji huona chake. Hadubini za siku zile zilipotosha kweli, na tahadhari yake ilikuwa na msingi. Hata hivyo mlango huo ulipofunguliwa na wengine, orodha yake ya tishu 21 haikusimama. Mwaka 1839 Theodor Schwann alionyesha kwamba tishu za wanyama zimejengwa kwa seli, jambo ambalo Bichat hakuweza kuliona kwa macho matupu. Mwanafunzi aambiwe yote mawili, la sivyo ataondoka akidhani sufuria inatosha.

Katika majira ya baridi ya mwisho ya maisha yake alifungua maiti zaidi ya 600 katika muda usiotimia miezi sita, akitafuta alama ya kila ugonjwa katika tishu yake. Hewa ya vyumba vile ilikuwa chafu, naye alikuwa amechoka. Tarehe 8 Julai 1802, baada ya kuchunguza vipande vilivyokuwa vikioza, alianguka katika ngazi za Hôtel-Dieu. Homa ikamshika. Mjane wa Desault alimuuguza, na Jean-Nicolas Corvisart, tabibu wa Bonaparte, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia. Alifariki tarehe 22 Julai, akiwa na umri wa miaka 30. Bonaparte aliagiza kumbukumbu moja iwekwe hospitalini kwa ajili ya mwalimu na mwanafunzi, Desault na Bichat pamoja.

Kitabu chake cha mwisho cha anatomia kilikuwa bado mezani. Majuzuu yaliyobaki yalimaliziwa na wanafunzi wake wawili, Buisson na Roux.