Paderewski: mpiga piano aliyerejea nyumbani kuwa Waziri Mkuu

Wanamuziki waliogombea ubunge tumewaona, na baadhi yao walishinda. Leo tunamwangalia mmoja aliyefika mbali zaidi. Ignacy Jan Paderewski alikuwa mpiga piano maarufu kuliko wote wa wakati wake, kisha akawa Waziri Mkuu wa nchi ambayo alipozaliwa haikuwapo kwenye ramani.

Nchi hiyo ni Poland. Kufikia mwaka 1795 majirani zake watatu, Urusi, Prussia na Austria, walikuwa wamekwishaigawana yote. Mtu aliyetoka Warsaw kwenda kuwatembelea jamaa zake Kraków alivuka mpaka wa Urusi na kuingia Austria, ingawa lugha ya pande zote mbili ilikuwa moja. Wanaoishi mipakani wanalijua jambo hilo bila kuelezwa.

Paderewski alizaliwa Novemba 1860 katika kijiji cha Kuryłówka, upande wa Urusi, ambacho leo kiko nchini Ukraine. Mama yake alifariki miezi michache baadaye. Baba yake naye alikamatwa kwa kuhusishwa na maasi ya mwaka 1863 dhidi ya Warusi, na mtoto akabaki mikononi mwa jamaa.

Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa chuo cha muziki cha Warsaw, ambako baadaye alifundisha. Mwaka 1880 alioa, na mwaka huo huo mkewe Antonina akafariki baada ya kujifungua. Mtoto wao wa kiume, Alfred, alikuwa mlemavu na alifariki mwaka 1901.

Mwaka 1884 kijana huyo mjane alikwenda Vienna kwa mwalimu maarufu Theodor Leschetizky, ambaye alimwona amechelewa. Wenzake walianza mazoezi makali tangu utotoni, yeye alikuwa na miaka 24. Hata hivyo alikaa kwenye piano saa nyingi kila siku, na mwaka 1888 jiji la Paris likampokea kwa shangwe. Mwaka 1890 ikawa zamu ya London, na Novemba 1891 New York. Katika ziara hiyo ya Marekani aliumia kidole cha mkono wa kulia, lakini hakuikatisha. Alipiga zaidi ya maonyesho 100. Wapo wapiga piano wa enzi zile waliokuwa na vidole safi kuliko vyake, lakini hakuna aliyejaza kumbi kama yeye.

Pesa alizipata, na alizitumia. Mwaka 1910, miaka 500 baada ya vita vya Grunwald ambapo Wapoland waliwashinda Wajerumani, alizindua mjini Kraków mnara wa ukumbusho uliojengwa kwa fedha zake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka aliondoka nyumbani kwake Uswisi akaenda Marekani. Huko alitoa hotuba zaidi ya 300, mara nyingi akipiga piano baada ya kuhutubia, huku akichangisha fedha kwa ajili ya wenye njaa. Kupitia Kanali Edward House, mshauri wa Rais Woodrow Wilson, alifikisha madai ya Wapoland Ikulu. Januari 1918 Wilson alipotangaza masharti yake 14 ya amani, la 13 lilidai Poland huru.

Desemba 1918 akarejea. Alishuka Gdańsk kutoka katika meli ya kivita ya Waingereza, na tarehe 26 akafika Poznań, mji uliokuwa bado chini ya Wajerumani. Umati ulijaa barabarani, na kesho yake watu wakashika silaha dhidi ya Wajerumani. Januari 1919 akawa Waziri Mkuu.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Fedha za aina kadhaa zilikuwa zikitumika sokoni kwa wakati mmoja. Reli za upande wa Urusi zilikuwa na upana tofauti na nyingine. Chakula cha msaada kilitoka Marekani. Mwezi Juni alitia saini Mkataba wa Versailles, lakini wapinzani walilalamika kwamba amekubali mengi mno, kwamba anachelewa vikaoni na kwamba mke wake wa pili, Helena, ndiye anayeamua nani amwone. Nadhani lawama hizo hazikuwa za bure; kushangiliwa na ukumbi ni kitu kingine na kuliongoza Bunge ni kingine. Desemba 1919 alijiuzulu, na mwaka 1922 akarudi jukwaani New York.

Hitler alipoivamia Poland mwaka 1939, mzee huyo aliongoza Baraza la Taifa uhamishoni, akarejea tena Marekani kuhutubia. Alifariki New York tarehe 29 Juni 1941, akiwa na miaka 80. Mwaka uliofuata maelfu ya Wapoland, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti, walifika Afrika Mashariki na kuwekwa katika kambi kama Masindi, Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako makaburi yao yapo hadi leo.

Rais Roosevelt aliruhusu Paderewski ahifadhiwe katika makaburi ya Arlington hadi Poland itakapokuwa huru. Ilichukua miaka 51. Mwaka 1992 mwili wake ulizikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, Warsaw. Moyo wake ulibaki Marekani, katika kanisa la Wapoland huko Doylestown, Pennsylvania.