Krapf alijifunza kabla ya kufunza

Wahubiri wengi siku hizi huipima kazi yao kwa wingi wa waliookoka. Kwa kipimo hicho, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alishindwa. Mimi nasema sivyo.

Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine, kisha mtoto wao mchanga. Hata hivyo, hakukata tamaa. Alijifunza Kiswahili, akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, mtu asiyekuwa wa imani yake. Mwaka wa 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Miaka ilipita kabla ya mtu wa kwanza kubatizwa: Mringe, kilema aliyekuwa akikaribia kufa.

Krapf alirudi Ulaya mwaka wa 1853 bila ya kuacha kundi kubwa la waumini. Aliacha lugha iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, yeye akiwa kaburini.

Amtafutaye Mungu huuliza kwa lugha yake mwenyewe. Ndiposa nawasihi walimu na wanafunzi wa vyama vya Kikristo shuleni: ajapo mwenzenu na swali, msikilizeni kwanza, mahubiri yatafuata.