Thomas Aveling na Gari la Kushindilia Barabara

Thomas Aveling alizaliwa Uingereza mwaka 1824. Baba yake alikufa yeye angali mdogo. Mama yake akaolewa na kasisi wa jimbo la Kent, aliyemlea mtoto kwa ukali mwingi. Alipokua alitiwa kwa mkulima ajifunze kulima, na baadaye akapata shamba lake mwenyewe.

Lakini moyo wake ulipenda mashine. Alinunua karakana ndogo mjini Rochester. Siku zile mitambo ya mvuke ya kupuria nafaka ilivutwa na farasi toka shamba hata shamba. Aveling aliona ni aibu mtambo wenye nguvu za farasi wengi kukokotwa na farasi. Basi mwaka 1859 aliufunga mnyororo kwenye magurudumu, ukaenda wenyewe. Farasi mmoja tu aliwekwa mbele, si kwa kuvuta, bali kwa kuongoza; na baadaye huyo naye hakuhitajiwa.

Kisha akazitazama barabara. Kokoto zilimwagwa njiani, zikaachwa zishindiliwe na magari ya wapitao, nazo ziliumiza kwato za wanyama na kuharibu magurudumu. Wengine walivutisha farasi gogo zito la kushindilia, lakini kwato zao ziliweza kufukua mawe tena.

Mwaka 1865 Aveling alifanya gari la mvuke la kushindilia, akalijaribu Rochester, na Chatham, na katika bustani ya Hyde Park, London. Magurudumu yake mapana yalipita juu ya kokoto, yakarudi, yakapita tena, hata mawe yakabanana na njia ikawa ngumu. Mwaka 1867 mji wa Liverpool ulipata gari la namna hii, uzito wake tani 30.

Mwaka ule ule wa 1865 watu waliogopa magari ya mvuke, na sheria ikaamuru kila moja litanguliwe na mtu mwenye bendera nyekundu, wala lisizidi maili 4 kwa saa, na mjini maili 2. Sheria hiyo iliwachelewesha wengi. Lakini gari la kushindilia halina haraka: likikimbia, kazi yake huharibika.

Aveling alifariki mwaka 1882. Chombo chake kilithibitisha kwamba polepole ndio mwendo, na kwamba wapitao mbio hupita juu ya kazi ya aliyetangulia taratibu.